Mhunzi wa Sura ya Tisa

Mama Pindo alishona sare za shule katika karakana ya watu sita, na kila mapumziko ya mchana aliwasomea wenzake riwaya. Sauti yake ilishinda kelele za mtaani. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya aina moja: mapenzi ya zamani ya watu wamchao Mungu, ambapo hakuna anayeshikwa hata mkono kabla ya ukurasa wa mia mbili.

Cha safari hii kilimteka. Binti wa mchungaji, enzi za farasi na mishumaa, anampenda mhunzi wa kabila linalodharauliwa, watu wasioruhusiwa kuingia kanisani kwa mlango wa mbele. Mhunzi ana imani kuwazidi wazee wote wa kanisa, lakini baba mtu hataki hata kumsikia. Sura ya tisa iliisha binti kafungiwa chumbani, hali wala hanywi.

"Baba ana haki," alisema mpiga pasi, akipuliza chai yake. "Hujui kwao, unampaje mtoto?"

"Na wewe, kwenu tulikujua?" Mama Pindo alimuuliza, akafunga kitabu. Hakumsemesha hadi jioni.

Siku mbili chakula hakikumpita vizuri, akikumbuka kwamba binti naye hali. Jumamosi, zamu yake ya kufagia kanisa ilipomkuta, alichukua karatasi akaandika: "Tumwombee binti wa mchungaji. Anampenda mhunzi, baba anakataa kwa sababu ya kabila lake." Akaitumbukiza kwenye sanduku la maombi. Alijua fika kwamba hao ni watu wa kitabuni, lakini alijiambia kuwa Mungu haulizi umemsoma wapi mtu.

Kesho yake matangazo yalisomwa na Mzee Kengele, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kuyapitia kwanza. Aliisoma karatasi kama ilivyo. Mchungaji alikuwa amealikwa kuhubiri kanisa jingine, na binti yake, mwalimu wa hesabu mwenye miaka thelathini na minne, alikuwa nyumbani na mafua.

"Kumbe ndiyo maana haonekani," mama mmoja alimnong'oneza jirani yake. "Amefungiwa."

Mama Pindo alitaka kusimama aseme. Lakini maombi yalishaanza, yakachukua robo saa, na watu walilia machozi ya kweli. Ukimliza mtu kisha umwambie ni riwaya, umemkosea mara mbili. Akabaki ameketi, akaitikia amina.

Jumatatu wazee watatu walibisha hodi kwa mchungaji.

"Tumekuja kwa heshima, Baba Mchungaji," alianza Mzee Kengele. "Tunakuomba umkubali mhunzi."

"Mhunzi gani?"

Mzee Kengele aliwatazama wenzake kwa huzuni. "Tulijua utasema hivyo."

Binti akaitwa. Alitoka na leso puani, macho mekundu.

"Pole, mwanangu. Umelia sana?"

"Ni mafua, mzee. Na huyo mhunzi simjui."

"Anamsitiri baba yake," mzee wa pili alisema wakiwa njiani kurudi. "Mtoto ana adabu huyu."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtaani hapo aliyeshughulika na chuma alikuwa mmoja tu, fundi wa kuchomelea mageti, naye alikuwa mtu wa kuja. Watu walinunua mageti yake, lakini chai yake hawakuinywa. Wazee walimkuta amechuchumaa, kinyago usoni, cheche zikimrukia miguuni.

"Tumekukubali," Mzee Kengele alimwambia.

Fundi alivua kinyago. "Kwa lipi?"

"Kwa yote. Jumapili uje. Utakaa mbele."

Alikuja. Alikuja na mkewe na watoto watatu, wote wamepakwa mafuta wanang'aa, wakakaa benchi la mbele. Kanisa zima likavuta pumzi kwa pamoja. Mzee Kengele alisimama, akamnyooshea fundi kidole.

"Una mke, na bado unamsumbua binti wa watu?"

Mke wa fundi aligeuka polepole kumtazama mumewe. Hapo Mama Pindo aliona maji yamezidi unga. Akasimama na kitabu mkononi.

"Mwacheni baba wa watu. Mhunzi yumo humu," alisema, akakiinua. "Karatasi niliandika mimi."

Aliyejibu ni fundi, kwa sauti ya chini tu.

"Kwa hiyo nimeitwa kwa ajili ya kitabu. Madirisha haya nilitengeneza mimi, na lile geti. Miaka minane napita hapo nje, hakuna aliyeniambia karibu. Hata leo nilidhani kuna bawaba imekatika. Spana ninazo mfukoni."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowauma. Mchungaji alishuka mimbarini akamsalimia fundi, akamsalimia mkewe, kisha, kwa kukosa la kufanya, akamsalimia mke tena.

"Lakini yule binti wa kitabuni," sauti ya mshonaji mmoja wa karakana ikatoka nyuma, "alitoka chumbani?"

Mama Pindo hakuwa amefika huko. Hakuna aliyekubali kwenda nyumbani. Mahubiri yakaahirishwa, sura ya kumi ikasomwa mimbarini, na fundi akasema aliyeandika hajui kazi, chuma hakipigwi kikiwa baridi. Mpiga pasi aliposikia kwamba wamesonga mbele bila yeye, alinuna wiki nzima.

Familia ya fundi ilirudi Jumapili iliyofuata. Ile ya baada yake walikuja mama na watoto tu, baba alikuwa na kazi. Mzee Kengele aliwapisha kwenye benchi bila kusema neno, na kwa Mzee Kengele hilo si dogo.

Binti wa mchungaji alifika karakana kupimwa gauni. Mama Pindo alimwomba radhi, utepe ukiwa shingoni.

"Usijali, Mama. Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza nitaolewa lini. Nusu yao bado wanaamini mhunzi yupo, kajificha mahali. Waache hivyohivyo."

"Jamani, mwalimu."

"Kwani yukoje? Mrefu?"

"Kitabu kinasema ana mabega."

"Yanatosha," alisema binti, akainua mikono apimwe kifua.