Mashine Isiyofuliwa

Habari ililetwa na Lukumani, dereva wa pikipiki, na aliileta akicheka.

Alikuwa amerudi Kasongo kutoka Wamaza na mzigo wa maharagwe, akamkuta Mama Régina sokoni, mbele ya chupa zake za mafuta ya mawese.

"Mama Régina, kumbe wewe ni golikipa! Kule Wamaza wanakusifu. Hakuna mupira unakupita."

"Wewe Lukumani, umekunywa nini?"

"Sijakunywa kitu, mama. Iko sali moja ya michezo, watu wanalipa, wanacheza mupira ndani ya televizyo. Ekipi yao inaitwa Étoile ya Lusangi. Golikipa ni Régina. Kule pembeni iko Grâce. Na mufungaji wao, mama, mufungaji wao ni..."

Hapo Lukumani alisikia mwenyewe alichotaka kusema, akanyamaza. Mama Régina alikuwa ameshaelewa. Alifunika chupa zake akarudi nyumbani, na soko lilikuwa bado limejaa.

Mwanawe wa kwanza, Nathanaël, alikufa kwa homa mwaka uliopita, mvua zilipoanza. Alikuwa mwalimu. Aliacha mke, Carine, mwenye mimba changa. Aliacha mashati, redio, na PlayStation ya zamani ambayo kila likizo aliicheza na mdogo wake Grâce mpaka betri ya umeme wa jua iishe. Ndani ya mashine hiyo alikuwa ametengeneza timu yake mwenyewe, hiyo Étoile ya Lusangi. Aliwaondoa wachezaji wote mmoja mmoja, akaandika majina ya watu wa nyumbani, herufi kwa herufi, kwa kidole gumba. Mama yake alimweka golini kwa sababu, alisema, hata uongo haukuwahi kumpita. Grâce alimpa upande wa kushoto. Carine aliingia katikati ya uwanja siku ya pili baada ya harusi. Yeye mwenyewe alikaa mbele, na akajipa sura yake ya kweli: kichwa kilichonyolewa, ndevu kidogo kidevuni.

Kwao, Kasongo hata Wamaza, matanga yakifungwa, nguo za marehemu hufuliwa kwanza, hata zilizo safi, ndipo hugawiwa ndugu, ili jasho lake lisibaki mwilini mwa mtu mwingine. Na jina lake halitajwi kwa sauti mpaka lipewe mtoto. Wanasema jina linapumzika. Likiitwa kabla ya kupata mwili mpya, mwenyewe husikia huko aliko, akafikiri anahitajiwa, na hapo hapati tena njia ya kwenda wala ya kurudi. Mama Régina alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, na hakuona ugomvi wowote kati ya jambo hilo na kanisa.

Basi mashati yalifuliwa. Wajomba wakayachukua. Mashine hakuna aliyeweza kuivaa. Grâce, aliyekuwa amerudi kutoka Kindu na diploma yake, hakuweza kuitazama pale chini ya televisheni, na ndiye aliyesema iuzwe. Mama alikubali kwa sharti moja: iende mbali, ivuke mto Luama, asisikie sauti yake kwa jirani. Mchuuzi mmoja aliichukua na nyaya zake zote. Kabla ya kumpa, Grâce aliipangusa vumbi kwa kitambaa.

Jioni ile ya habari ya Lukumani, mama alimwita.

"Grâce. Nguo tulifua?"

"Tulifua, mama."

"Mashine tulifua?"

"Mama, mashine haifuliwi. Ni kuingia ndani na kuondoa majina."

"Uliyaondoa?"

Kile kipande cheusi kinachotunza kumbukumbu kilikuwa kimechomekwa mahali pake siku ile, na hakukikumbuka hata kidogo. Miaka minne ya chuo, na hakukumbuka.

Jambo lenyewe lingeweza kuishia kwenye huzuni, kama si mtoto. Carine alikuwa amejifungua mvulana wakati wa kiangazi. Jina lake lilijulikana na wote tangu akiwa tumboni. Ilibaki tu bibi yake amwite sikioni mbele ya ndugu, kisha apelekwe kubatizwa. Ndugu walikuwa wameshaalikwa. Sasa Mama Régina alikataa.

"Jina bado iko kazini," alisema. "Kule Wamaza wanaliita kila siku. Mutu hawezi kuitwa pahali pawili. Nikimupa mutoto jina ambalo mwenyewe hajaliachilia, nimemupa mutoto nini?"

Kwa hiyo mtoto alibaki bila jina. Majirani, kwa kuwa lazima mtu aitwe kitu, walianza kumwita Mugeni.

"Mugeni huenda zake, wifi," Carine alimwambia Grâce, akimnyonyesha, macho yake yakiwa chini. "Kila wakimwita hivyo ninamushika kwa nguvu. Nimechoka kuogopa."

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Alasiri, saa ambayo zamani kaka yake alirudi kutoka shuleni, Grâce alisikia vitufe vya ile mashine vikibonyezwa: tk, tk, tk-tk. Alijiambia ni bati linalopoa, ni kuku. Mara moja alisikia na Carine akiwa karibu, na wote wawili wakaacha kuchambua mchele kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, macho wazi, akitazama kona tupu ya televisheni jinsi watoto wanavyomtazama mtu anayewajia.

Grâce alikusanya fedha zote alizokuwa nazo, akamwambia Lukumani ampeleke Wamaza. Angeinunua ile mashine. Hilo tu alilitaka: airudishe nyumbani, ayaondoe majina kwa mkono wake, mtoto apate lake.

Barabara ilikuwa imekatika mahali pengi. Walisukuma pikipiki kwenye matope mekundu, wakapita juu ya mbao zilizolegea, wakalala njiani kwa shangazi wa Lukumani. Kesho yake alasiri, walipoingia Wamaza, Grâce hakuhitaji kuuliza sali iko wapi.

"Nathanaël! Nathanaël! Natha-na-ël!"

Sauti nyingi, pamoja, kama kwaya. Aliruka chini kabla pikipiki haijasimama, akaanguka goti moja, akainuka akikimbia. Kwa muda mfupi, na ndio uliomuumiza kuliko yote, aliamini kwamba akiingia atamkuta.

Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, na paneli ya jua juu ya bati. Ndani vijana walibanana kwenye mabenchi. Mbele yao, mwanamke mwenye utepe wa fundi cherehani shingoni alishika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, vidole vikiruka.

"Soraya, toa huyo Grâce!" mmoja alipiga kelele. "Iko mulegevu! Anakimbia kama amebeba mayai!"

"Mwache. Nikimutoa, Régina anakasirika, anaachia magoli," Soraya alijibu bila kugeuka. "Nyamaza, nishone hii."

Mpira ulitoka kwa Carine katikati, ukaenda mbele. Yule mwenye kichwa kilichonyolewa akaupokea, akazunguka, akapiga. Nyavu zikatikisika. Kisha akakimbia kuelekea kwenye kioo cha televisheni, akanyoosha mikono, akasimama hapo, uso mzima, akimtazama Grâce. Kaka yake alikuwa ameuchagua mtindo huo wa kushangilia mwenyewe, akicheka, usiku mmoja wa likizo. Kidevu kile. Hakuwa amezeeka, hakuwa ameugua.

"Dada, unalipa ao unatazama tu?"

Aliyeuliza alikuwa Papa Moustapha, mwenye sali, mtu mnene aliyeketi mlangoni na redio mapajani. Grâce alimwambia amekuja kununua mashine.

"Hii? Hapana. Watoto wangu wanakula kupitia hii."

"Basi unipe nafasi niondoe majina ya ekipi moja."

"Ekipi gani?"

"Étoile ya Lusangi."

Papa Moustapha alicheka mpaka redio ikateleza. "Iko ekipi za Ulaya humo ndani, na magari yao na wake zao, hakuna mutu anazitaka! Watu wanatoka machimboni na matope miguuni kwa ajili ya Étoile. Unataka kunifungia sali?"

Soraya alikuwa amegeuka sasa. "Kwani Nathanaël amekukosea nini, dada?"

Grâce alikuwa amejiandalia maneno mengine njiani, ya busara, ya mtu aliyesoma. Hayakuja.

"Ni yaya yangu, kaka yangu mukubwa. Mimi ndiye Grâce," alisema. "Yeye ndiye aliandika hayo majina. Alikufa."

Kelele zilikatika mstari kwa mstari, kutoka mbele mpaka nyuma.

"Lakini jina lilishapewa mutoto," Soraya alisema taratibu. Hakuwa anauliza; alikuwa anaomba.

"Bado."

Soraya aliweka maneti chini kwa mikono miwili, kama mtu anayetua sufuria ya moto. Mmoja aliita jina la Yesu, mwingine alisema Astaghfirullah, na kijana aliyekuwa akimtukana Grâce wa kwenye kioo alimtazama Grâce aliyesimama mlangoni, akaziba mdomo. Mabenchi yalianguka. Punde sali ilikuwa tupu, na watu wote walikuwa uani, mbali na mlango, wakinong'ona.

Mchezo uliendelea peke yake. Bila mtu wa kumwongoza, Nathanaël alisimama katikati ya uwanja. Wapinzani walimpita kulia na kushoto. Alikuwa akigeuza kichwa kidogo huku na huku, kama mtu aliyeitwa mahali, akafika, asimwone aliyemwita.

"Sisi tumemwita mufu mwaka muzima," Papa Moustapha alisema nyuma yake. Kicheko kilikuwa kimemtoka kabisa. "Nani atagusa tena hii kitu? Chukua, dada. Kaa na fedha yako. Chukua uende nayo."

Basi ameipata. Grâce alingoja furaha, haikuja. Alikuwa amesafiri ili sauti zile zinyamaze, na zilikuwa zimenyamaza, na kimya kilichobaki kilikuwa kile kile cha siku waliyorudi kutoka makaburini. Aliona wazi jinsi itakavyokuwa: mashine nyumbani, chini ya kitambaa, na kaka yake amesimama humo ndani, anasubiri.

Alitoka, akapanda kilima cha kanisa mahali ambapo simu hupata mtandao.

"Mama. Hawaiti tena."

"Hawaiti?"

"Wamejua. Wameogopa. Hakuna mutu anaita."

Grâce akasikia mama akimwita Carine, na sauti ya viti, na mtu akitumwa mbio kwa baba mdogo aliye jirani. Walisema wangengoja ndugu wote, hawakungoja. Akasikia pumzi ya mtoto karibu na simu. Na sauti ya mama yake, ambayo tangu matanga ilisema tu "yule" na "kaka yako", ikatamka jina, polepole, kama mtu anayemkabidhi mwingine chombo kilichojaa.

"Nathanaël."

Mtoto alilia kwa hasira.

"Ameitika!" Carine alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Wifi, umesikia? Ameitika!"

Grâce aliketi kwenye majani kwa muda. Aliposhuka, watu walikuwa bado uani. Soraya alikuwa amefunga utepe wake mkononi kama bendeji.

"Jina iko na mwenyewe sasa," Grâce aliwaambia. "Iko Kasongo. Ananyonya."

"Sasa hivi?" Soraya hakuamini haraka. "Nani amemupa?"

"Mama yangu. Golikipa."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia, akashindwa. "Ni mukubwa namna gani?"

"Hajaota jino."

"Hajaota jino na anatufungia magoli!" Na kicheko kikapita uani kote, cha watu walioogopa sana na sasa wanaona aibu.

Papa Moustapha alimsogelea. "Sasa, dada? Unachukua ao unaacha?"

Alitaka kuichukua. Katika hilo hakuweza kujidanganya. Aliingia ndani, akashika maneti, na kidole gumba chake kikaanguka mahali palipolika, mahali pa kidole kingine. Angeweza kukaa hapo mpaka paneli ikose jua. Badala yake alimpa Soraya.

"Acha," alimwambia Papa Moustapha. "Lakini Grâce asitolewe."

"Huyo? Tutamuvumilia," Soraya alisema, na akaketi.

Lukumani aliwasha pikipiki. Alitaka wafike Luama kabla ya mvua, na mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa Kabambare. Walikuwa wamepita nyumba ya mwisho ndipo Grâce aliposikia, mwanzo sauti moja yenye woga, kisha mbili, kisha sali nzima.

Alijua wanamwita mtoto. Alijua mtoto yuko salama mikononi mwa Carine, na kwamba hakuna mtu mwingine mwenye jina hilo duniani. Hata hivyo aligeuka. Barabara nyuma yake ilikuwa tupu, nyekundu, na alama moja ya gurudumu. Aliitazama mpaka kona ilipoificha.