Mkwe Mwenye Haya

Mwaka wa tisini na nne, Kavutha alitoka Kitui kuja Nairobi kutibiwa mguu, akafikia kwa bintiye Ndinda katika nyumba za reli, Makongeni. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Matheka, mume wa Ndinda, alipomwona mama mkwe akitandika nyuma ya pazia, alitoka nje.

"Kwetu Wakamba kulala chumba kimoja na mama mkwe ni mwiko," alimwambia mkewe. "Nitalala kwa rafiki yangu Okoth hadi mama apone."

Kavutha alilia kwa furaha. Kanisani alisimama akamshukuru Mungu kwa mkwe mwenye haya katika mji usio na haya. Akina mama wakapiga vigelegele. Ndinda naye alipiga, ingawa Matheka akija kuchukua nguo hakuketi hata kunywa chai.

Mguu ulipopata nafuu kidogo, Kavutha alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, yeye na Ndinda wakaupeleka kwa Okoth kumshukuru kwa kumhifadhi mkwe.

Awiti, mke wa Okoth, alipokea sufuria akicheka. "Matheka alale hapa? Wanangu wenyewe wanalala chini ya meza!" Kisha akauona uso wa Ndinda, kicheko kikamkauka.

"Yuko wapi?" Ndinda aliuliza.

Okoth alitazama sakafu. "Shemeji, nisamehe. Yuko Eastleigh, kwa mwanamke anaitwa Roseline."

Walirudi Makongeni. Mlangoni Kavutha akasema, "Mimi ndiye niliyempa njia. Tena nikamwombea baraka mbele ya watu."

"Njia alikuwa nayo zamani, mama."

Lakini Kavutha hakusikia. Kesho yake alifunga nguo zake, matibabu hayajaisha, akitumaini kwamba akiondoka yeye, mkwe atakosa kisingizio. Ndinda alimsihi hadi sauti ikamwisha.

Matheka alikuja Jumamosi mchana, shati limenyooshwa na pasi ya mtu mwingine. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama ameenda?"

"Ameenda."

Akalitazama pazia, akautazama mlango. "Na yule shangazi yako wa Mwingi, hakusema atakuja kututembelea?"

Ndinda alitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Hakuna anayekuja, Matheka. Nenda tu."

Akaenda.

Mguu wa Kavutha ulivimba upya, na Ndinda akarudi Kitui kumuuguza. Kila Jumapili mama alimuuliza kama mkwe ametuma salamu.

"Ametuma," Ndinda alijibu, akiendelea kumkanda mguu.