Upepo wa Ubavuni, Ukunda

Mwanapili alikuwa na neno moja tu mdomoni tangu Nairobi: acha. Angelisema wakishuka Ukunda, na Biasha angetii, maana ahadi aliitoa mwenyewe. "Mama, panda nami safari moja," alisema yule binti, "tukifika uniambie niendelee na urubani au niache. Utakalosema, nimelikubali."

Na kwa nini asiache? Wajomba zake Msambweni walikuwa wameshachoka. Mwanamke mzima, kazi yake kukaa kitini huku ndege ikijiendesha! Wala maneno hayo hawakuyatunga wao. Biasha mwenyewe ndiye aliyeyasema, kila mama yake alipomuuliza habari za ajali: "Kuna mashine, mama, otopailoti. Mimi nakaa tu." Mwanapili akalala usingizi wake. Sasa kama ni kukaa tu, si akae nyumbani?

Ndege ilikuwa ndogo, haina hata mlango baina ya marubani na abiria. Mwanapili kapewa kiti cha mbele, akawa anaona kila kitu. Juu huko mambo yalikuwa shwari kweli: Biasha mikono mapajani, usukani ukijisogeza wenyewe kama una jini. Mwanapili akaguna. Kumbe ni kweli, kazi ya kukaa.

Wakaanza kushuka. Minazi ikaonekana imelala upande mmoja, na ndege ikapigwa dafrau la upepo ubavuni hata mikoba ikaruka. Biasha akabonyeza kitufe. Kitu kikalia pi-pi-pi, kikanyamaza.

"Umezima nini?" Mwanapili akapiga kelele. "Biasha! Umezima nini weye?"

Biasha hakugeuka. Msaidizi wake, Onesmus, akainua kiganja kumwashiria atulie.

"Usijali, mathe," akasema kijana wa hotelini aliyekaa jirani, mtu wa bara, naye kashika kiti kwa mikono miwili. "Ni otopailoti inatuteremsha."

Otopailoti gani! Mashine ile ni ya hewa tulivu. Upepo wa kuzukazuka namna hii haiuwezi. Ilikuwa mikono ya Biasha hiyo, yaenda huku yarudi huku, na miguu chini ikikanyaga zamu kwa zamu. Tena pua ya ndege kaielekeza baharini, kiwanja kinaonekana kwenye dirisha la kuume! Walikuwa wakienda upande upande kama kaa. Lami ikakaribia, dafrau jingine likaja, bawa likainama.

"Tunarudi juu," Biasha akasema kwa sauti kavu, na ndege ikanguruma ikapaa tena.

Mwanapili akasoma kila aya aliyoijua, akazichanganya. Alimkasirikia, wallahi alimkasirikia. Miaka yote hii ananidanganya, na mimi nalala! Neno lake lilikuwa lile lile, acha, ila sasa limepata uzito. Mwanzo alitaka aache kwa kuwa kazi haikuwa kazi. Sasa alitaka aache asije akafa.

Mara ya pili pua ilibaki baharini hadi mwisho kabisa. Hapo Biasha akakanyaga, pua ikanyooka, gurudumu moja likagusa chini, kisha la pili. Watu wakapiga makofi. Mwanapili hakupiga.

Nje, upepo ukimvuta buibui, binti yake akaja akasimama mbele yake. Shati lilikuwa limemganda kwa jasho.

"Haya, mama. Niambie."

Mwanapili akafungua mdomo. Abiria wa kwenda Nairobi walikuwa wameshapanga foleni, na wa mbele alikuwa mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni, macho yamemtoka kwa aliyoyashuhudia.

"Shikamoo, mama. Mlikuwa humo? Ni salama kweli? Nasikia siku hizi ndege hujiendesha yenyewe."

"Marahaba. Haijiendeshi," Mwanapili akasema, tena kwa ukali. "Anaiendesha mwanangu huyu. Panda."

Biasha akamtazama, midomo ikimcheza. Mwanapili akamnyooshea kola iliyopinduliwa na upepo, akamsukuma kidogo.

"Nenda, watu wanakungoja."

Akasubiri hadi binti alipompa mgongo, ndipo akaketi juu ya sanduku lake pale pale, akalia.