Mijusi Saba wa Mlimani

Mume wangu alikuwa mkamataji wa mijusi wa makumbusho yetu, na mimi ndiye mpangaji: yeye analeta, mimi natambua ni wa aina gani, kisha natia nukta kwenye ramani. Alifariki miezi minne iliyopita. Watu wananipa pole, naitikia, narudi kazini. Sisikii kitu.

Wiki hii bosi, kijana mwenye haraka zake, alitaka ramani mpya ya familia nzima ya mijusi kafiri. "Mama, fungua kila chupa," alisema. "Tusiamini vibandiko."

Nilikereka. Kulikuwa na chupa saba za mlimani ambazo sijawahi kuzifungua. Kila mwaka mume wangu alikwenda huko mwezi mzima, akarudi na chupa moja, nami nikanakili kibandiko chake daftarini kama kilivyo. Mwandiko wake niliuamini kuliko macho yangu.

Nikamtoa wa kwanza kwenye spiriti, nikamlaza chali chini ya kioo cha kukuzia. Mjusi wa msitu wa mlimani ana vikunjo chini ya vidole, na kila kikunjo kimegawanyika katikati. Vya huyu vilikuwa vizima. Nikafungua ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Wote walikuwa mijusi wa ukutani, wale wanaoishi ndani ya nyumba za watu, tena kusini tu, kwenye joto. Kule mlimani mayai yao yasingeanguliwa hata moja. Mume wangu, mvivu yule, alikuwa akijikamatia waliokaa karibu na taa. Kwake mjusi alikuwa mjusi tu.

Na mimi kila mwaka namkunjia masweta mawili begini, nikimwambia ajifunike vizuri.

Nilingoja uchungu uje. Haukuja.

"Basi nukta ya mlimani tunaifuta," bosi alisema, hana habari. "Ila tuandike wametoka wapi? Mjusi asiye na mahali hana faida kwetu, itabidi tuwatupe."

"Usitupe kitu," nilimjibu. Nikampigia wifi yangu, dada wa marehemu.

"Wifi, kaka yako alikuwa anafikia kwa nani kule kusini?"

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Nani kakwambia?"

"Mijusi."

"Wifi jamani, tulitaka kukuambia, haki tena. Ila yule mama naye, na wale watoto..."

"Watoto sijauliza. Nitajie mtaa na namba ya nyumba. Nina vibandiko saba hapa."

Alinitajia bila kufikiri, kama mtu anayepajua vizuri. Kibandiko cha kwanza nilikiandika safi, mtaa na namba. Cha pili mkono ulikataa.