Pishi Tatu za Tekusa

Hapa kwetu Aleksandria kuna watu wawili wasioacha kitu kipite hivi hivi: mtoza ushuru wa bandarini na Mwalimu Nilamoni. Msomee Nilamoni kwamba punda alikunywa maji, atakuuliza punda ni nani, maji ni nini, na kiu ile inatufundisha nini. Nampenda, ila nikitoka darasani kwake huwa naogopa hata kumtazama kuku.

Rafiki yangu Tekusa, mwoka mikate wa mtaani, alimvumilia miaka mitatu. Mkate ninaoupeleka mezani pa Bwana kila Jumapili huuoka yeye. Lakini kwa kuwa hajabatizwa, mahubiri yakiisha shemasi humtoa nje pamoja na wanafunzi wenzake wa ubatizo, mlango unafungwa, na mkate wake unamegwa bila yeye. Jambo hilo lilimuuma, nami mdhamini wake liliniuma zaidi.

Ikafika siku ya kuandika majina ya watakaobatizwa Pasaka. Kila mwanafunzi hupewa andiko alifumbue. Akishindwa, anangoja mwaka mwingine. Tekusa akapewa mfano wa Bwana wa yule mwanamke aliyeficha chachu katika pishi tatu za unga. Nikashusha pumzi. Jibu la Mwalimu tulilikariri wiki nzima mbele ya tanuri: pishi tatu ni mwili, nafsi, roho.

Tekusa akauliza kama hizo ni pishi za Wayahudi, zile kubwa. Nilamoni hakuwahi kuulizwa swali hilo. Akasema anadhani ndizo.

"Basi hizo nazijua, Mwalimu. Huwa nawaokea harusi zao. Pishi tatu wanakula watu mia."

"Na maana yake?"

"Maana yake huyo mama hakuwa anawapikia wanawe tu. Alikuwa na wageni. Tena hakukanda peke yake, mabega yangemng'oka. Aliita majirani."

Shemasi akachekea puani. Mimi nilishikwa na hasira na huruma kwa pamoja, nikajisemea yametukuta, mwaka mwingine nje ya mlango. Nilamoni akamkumbusha kwa upole habari ya mwili, nafsi na roho. Tekusa akajibu kwamba hiyo nayo anaijua, nimemfundisha vizuri, ila kila akifika pale yeye huona mikono.

Mwalimu akavitazama viganja vyake mwenyewe, laini, havina sugu ila ya kalamu.

"Miaka ishirini nafundisha andiko hili," akasema, "sijauliza hata siku moja ni nani waliokula."

Akaandika jina la Tekusa. Halafu akamuuliza, kama mtu anayeuliza njia, unga kiasi gani utatutosha sote Pasaka. Tekusa akatuhesabu kwa macho.

"Pishi tatu hizo hizo. Lakini nitahitaji mikono."

Siku moja kabla ya sikukuu nilimkuta Mwalimu kwa Tekusa, unga umempanda hadi kwenye ndevu, anahema, wala hasemi chombo cha kukandia kinamaanisha nini.

Alfajiri ya Pasaka shemasi alifunga mlango, na Tekusa alikuwa upande wa ndani, nywele zingali zinachuruzika maji ya ubatizo. Akapewa kipande cha mkate wake. Akakitafuna taratibu, nami machozi yakinitoka bila aibu, ndipo akaniinamia sikioni.

"Mwalimu hajui kukanda," akaninong'oneza.