Kuingiza Bure, Kutoa kwa Bei

Fundi wa makochi aliingia sebuleni na viatu vyake vya kazini, jambo ambalo mkewe hakuwahi kumwona akilifanya tangu waoane. Nyuzi za kitambaa zilikuwa zimemganda nyweleni.

"Umetoa hela benki?" aliuliza. "Nimesimama dukani kwa muuza sponji kama mwizi. Kadi yetu inakataa. Foleni nzima inanitazama."

Mkewe, mwalimu wa watoto viziwi, akaiweka pasi chini. "Mshahara si umeingia juzi?"

"Umeingia, na umekwisha."

Mwalimu akachukua simu. Meseji za benki hakuwa na mazoea ya kuzisoma. Aliziona kelele tu kama za matangazo. Sasa alizisoma moja moja. Pesa zilikuwa zikichomoka kidogo kidogo, kisha nyingi, kisha zote, kwenda kwa jina lile lile la kampuni. Jina alilijua.

Mwaka uliopita alikuwa amejirekodi video za lugha ya alama kwa ajili ya wazazi. Wanafunzi wake wengi walizaliwa na wazazi wanaosikia, na majumbani kwao walikaa kama wapangaji: wanalishwa, wanavishwa, hakuna anayezungumza nao. Basi akarekodi maneno ya nyumbani. Njaa. Choo. Usiogope. Nani kakupiga? Simu ilipojaa, mdogo wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa kuwa alitengeneza kompyuta, alimfungulia akaunti ya kuhifadhia vitu mtandaoni. "Bure kabisa, shemeji," alimwambia. "Namba ya kadi wanaitaka tu wajue wewe ni mtu kweli." Mwalimu akapakia video zote, akazifuta kwenye simu, akawagawia wazazi kiungo cha kuzifungulia. Wazazi wakawapa wenzao.

Injinia alipopigiwa simu alikuja mbio, akakaa mbele ya kompyuta, na jasho likaanza kumtoka kabla hata hajasema kitu.

"Yale yalikuwa majaribio, shemeji. Muda uliisha zamani. Walituma barua pepe za kuonya."

"Walizituma wapi? Mimi sijaona hata moja."

"Kwenye anwani yangu ya zamani. Siifungui siku hizi."

Fundi alimgeukia mdogo wake kwa macho ambayo Mwalimu aliyajua, akawahi kuingia katikati. "Mtagombana baadaye. Hizo pesa zinaliwa na nini?"

"Na watazamaji. Kila mtu akifungua video, wao wanahesabu. Na zimesambaa, shemeji. Zinatazamwa hadi miji ambayo mimi siijui."

Siku nyingine angepiga vigelegele kwa habari hiyo.

Wakapiga simu benki. Karani, kwa sauti ya upole, alisema kadi ataifunga, lakini zilizokwenda zimekwenda, na deni la kampuni litazidi kupanda maadamu akaunti iko wazi. Wakaandikia kampuni. Ikajibu mashine. Mwalimu akaieleza kila kitu: kwamba yeye ni mwalimu, kwamba watoto hawa hawasikii, kwamba ule ulikuwa mshahara wa mwezi mzima. Mashine ikasema imefurahi kumhudumia, ikauliza kama amesaidika. Akaandika hapana. Ikaomba radhi, ikaanza kuuliza upya.

"Basi tuzishushe tuondoke nazo," Mwalimu alisema. "Tuwaachie akaunti yao."

Injinia alijifanya anasoma kitu kwenye kompyuta.

"Shemeji, nasema na wewe."

"Kuzishusha nako wanatoza. Kuingiza ni bure, kutoa ndiko wanakokukamua. Na ziko mamia. Kila tukikaa hapa kuna mtu anafungua nyingine."

Mwalimu akashika tama. Fundi, aliyekuwa na makochi matatu ya watu yamebaki mbao tupu karakanani, alimwekea mkewe mkono begani.

"Zifute," Mwalimu alisema.

"Zote?"

"Futa kabla sijabadili nia!"

Kompyuta ikauliza kama wana uhakika. Injinia akamtazama shemeji yake, Mwalimu akatazama ukutani, na kitufe kikabonyezwa.

Jioni ile ile simu iliita. Alikuwa mama wa mwanafunzi wake mmoja, anahema.

"Mwalimu, video hazifunguki! Mwanangu anaungua homa, analia tu. Nataka kumuuliza panauma wapi. Nimesahau mkono unakwendaje!"

"Washa kamera, dada. Nitazame mimi." Akaiegemeza simu kwenye birika, akafanya alama ile taratibu, akairudia. Upande wa pili mama alimwiga, kisha akageukia kitandani. Mtoto akaacha kulia. Akashika nyuma ya sikio.

Walimkimbiza hospitali usiku ule, na daktari akasema ni usaha sikioni, wamewahi.

Baada ya wiki kadhaa kampuni iliandika, safari hii mtu kweli. Deni lililobaki wamelisamehe. Kilichokwisha kukatwa hakirudi. Fundi aliuza cherehani yake kubwa ili anunue sponji za watu, akawa anashona vitambaa kwa mkono hadi vidole vikavimba. Injinia hakukanyaga tena pale nyumbani.

Video hazijarekodiwa tena. Wazazi wanapeana namba yake kama walivyopeana kiungo, hupiga simu, na Mwalimu huwaonyesha alama akiwa jikoni, akiwa njiani, akiwa na sabuni mikononi. Lakini akiwa darasani simu huizima, na akiiwasha mchana hukuta wamempigia watu asiowajua, wengine mara nyingi mfululizo. Huwapigia mmoja mmoja. Kuna wasiopokea, na hao ndio wanaomnyima usingizi.