Mguu Mpya wa Mwanasesere

Angelina alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kukiona kitu kimevunjika akakiacha. Kibandani kwake Makole alifufua wanasesere waliotafunwa na mbwa, magari yaliyopoteza magurudumu, hata twiga wa plastiki aliyebaki shingo tu. Dawa yake ilikuwa gundi ya udongo, ile ya vipande viwili. Ukivikanda pamoja vinalainika, unaunda utakacho, kisha vinakauka na kuwa jiwe. Ikishakauka, hairudi nyuma.

Basi alipokwenda Kibaigwa kumjulia hali Loisi, binti wa kaka yake, macho yalimtangulia kwa mwanasesere wa mtoto huyo. Alikuwa na mguu mmoja. Loisi naye alikuwa na mmoja. Wa pili ulisagwa na lori sokoni, hospitali wakaukata juu ya goti. Mguu wa mtoto hauwezi, Angelina alijisemea, lakini wa mwanasesere anaumudu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, ila nani wa kumwambia hayo shangazi anayelia moyoni? Hakumuuliza mtu. Loisi alipolala mchana, yeye akatoa gundi mkobani, akaunda paja, goti, kisigino, hadi vidole akavichora kwa sindano. Kazi safi, Mungu na amsamehe.

Dorothea, mama yake Loisi, alirudi kutoka bombani akakuta udongo umeshakauka. Aliketi chini, ndoo ubavuni. Kwa sauti iliyochoka akaeleza kwamba mguu ule wa mwanasesere Loisi aliuvunja mwenyewe, makusudi. Tangu hapo ndipo alipokubali kushika magongo. Alimfungia mwanasesere njiti za kiberiti kwapani, wakawa wanafundishana kutembea. Jumatatu alikuwa arudi shule.

"Wifi, ungeniuliza," alisema Dorothea.

Angelina aliuvuta ule mguu, akaugonga kwenye kizingiti, akaugonga tena. Haukutikisika. Hajawahi kuichukia kazi ya mikono yake kama siku ile.

Kelele zikamwamsha Loisi. Alipouona mguu alimpokonya shangazi yake mwanasesere, uso umemchanua, kisha akayasukumia magongo uvunguni. Alisema hayahitaji tena, atasubiri. Angelina akapiga magoti mbele yake akamweleza ukweli wote: huu ni udongo tu, mama, mguu wa mtu ukikatwa hauoti. Loisi alimtazama kwa huruma, maana aliona mtu mzima asiyejua jambo dogo. Akafungua kinywa, akamwonyesha jino jipya likichungulia pale mbele, mahali palipong'oka lile la zamani alilolirusha juu ya bati akiomba jingine.

"Shangazi," aliuliza, "mguu wangu waliutupa juu ya paa gani?"